Kengeleni: mhadhara juu ya Freretown, mji wa ng'ambo ya kisiwa

Mabibi na mabwana, wazee wangu, na nyinyi vijana mlioacha mpira mkaja kunisikiliza, hamjambo nyote.

Nitaanza na makanga wa matatu. Ukivuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa utamsikia akiita: "Kengeleni! Kengeleni wapo?" Abiria anagonga bati, anashuka, anashika njia ya soko la Kongowea. Ni wangapi hapa waliowahi kusimama wakaitazama hiyo kengele yenyewe? Mikono naiona michache. Basi ipo. Imetundikwa pale pale, karibu na makutano ya barabara, na mji uliokulia chini ya mlio wake ndio Freretown. Wazee wakiutaja utasikia "Fretauni", na mimi sioni kosa.

Habari za mji huu huanziwa kwa Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyewahi kuwa gavana wa Bombay. Mwaka 1873 alitumwa Unguja kumbana Sultani Barghash afunge masoko ya watumwa, na mkataba ukatiwa saini Juni ya mwaka huo. Ndiye aliyewashauri wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana cha Uingereza, wafungue makazi ya watu waliookolewa, na jina la mji likawa lake. Bwana huyo huyo, miaka michache baadaye, alikuwa Afrika Kusini akiwapelekea Wazulu masharti yaliyozaa vita vya 1879. Hilo nalisema kwa kupita tu, tusije tukamvisha kilemba kisichokuwa chake.

Mimi huanzia Nashik, kule India. Manowari za Waingereza zilipokamata majahazi ya watumwa baharini, watoto wengi walishushwa Bombay. Baadhi yao walilelewa Nashik, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono. Miongoni mwao walikuwamo William Jones, Ishmael Semler na George David, ambao miaka ya 1860 walirudishwa pwani hii kumsaidia mmisionari Rebmann kule Rabai. Kwa hiyo mchungaji W. S. Price, aliyewahi kuwasimamia vijana kama hao huko huko Nashik, alipofika Mombasa mwishoni mwa 1874 na kupata ardhi upande wa Kisauni mwaka uliofuata, hakukuta pori lisilo na mtu wa kumwelekeza. Alikuta wanafunzi wake. Vitabu vingi vimeandika "Price alijenga". Price alitoa amri. Waliojua lugha, waliowapokea wageni wanaotetemeka kwa hofu wakawaambia "hapa hamtauzwa", ni hawa.

Na wageni wenyewe ni nani? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kuna maneno mawili yanayochanganywa. Kulikuwa na mateka, na kulikuwa na watoro. Mateka ni wale waliokamatwa baharini, wakakabidhiwa misheni mbele ya sheria: Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa. Watoro ni wale waliokuwa na mabwana zao hapa hapa pwani, wakavizia usiku wakakimbia. Mkataba wa 1873 ulikataza kuuza na kusafirisha watu baharini. Kummiliki mtu haukukataza. Pwani ya Kenya utumwa ulibaki halali mpaka 1907, zaidi ya miaka thelathini tangu Freretown ianzishwe!

Basi mtoro akifika Freretown usiku, misheni ifanye nini? Ikimpokea, inavunja sheria ya Sultani. Ikimrudisha, inamrudisha kwenye kiboko. Mara ilificha, mara ilifukuza. Mwaka 1880 mabwana wa Mombasa walikasirika hasa, wakatishia kuuvamia mji. Simulizi inayopendwa sana husema kengele iliwekwa ili ilie wavamizi wakionekana, na kwa hali ilivyokuwa, hofu hiyo haikuwa ndoto. Lakini kengele ya misheni ina kazi nyingine, ya kila siku: amka, sala, shamba, darasa. Mtu aliyetoka kwenye amri ya bwana aliingia kwenye amri ya kengele. Msimamizi mmoja wa Kizungu aliwaadhibu wakazi kwa ukali mno, viboko kwa vifungo, hata ukafanyika uchunguzi na akaondolewa. Watu waliokombolewa, wanachapwa na mkombozi. Sijui kama kuna neno zuri la kulipamba jambo hilo, na sitalitafuta.

Suala la watoro lilikuja kumalizwa kwa fedha. Siku ya kwanza ya 1889, kule Rabai, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya IBEA aligawa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400, baada ya kukubaliana kuwalipa mabwana zao. Waliolipwa fidia ni waliomiliki. Waliotumikishwa walipata karatasi.

Turudi kwa William Jones. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa daraja ya ushemasi yeye na Semler, hapo hapo Freretown. Mwaka huo huo Hannington akaenda bara kuelekea Buganda, na Jones akafuatana naye. Askofu aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Aliyewaongoza wapagazi waliobaki hadi pwani, mwendo wa miezi, ni Jones. Februari 1886 msafara uliingia Rabai na bendera ya buluu iliyoandikwa "Ikabodi", neno la Biblia lenye maana kwamba utukufu umeondoka. Hannington ana makanisa na shule zenye jina lake. Jones tumemwachia nini? Naliuliza tu.

Mji ulitoa walimu, makarani, wakalimani na wachungaji. Chuo chake cha dini kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha St. Paul's. Mwaka uliofuata likafunguliwa daraja la kwanza la Nyali, la kuelea juu ya maji. Hili la zege ni la 1980. Daraja likaleta magari, magari yakaleta nyumba, na leo Freretown imezingirwa na Kongowea, Nyali na Kisauni hata mgeni hajui ameingia wapi na ametoka wapi.

Lugha nazo zilifuata njia hiyo. Babu alisali kwa Kiyao moyoni, mjukuu hajui ila Kiswahili. Na Kiswahili gani! Hapa ndipo alipozaliwa, mwaka 1940, Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo uliotokana na mateka. Mnaikumbuka sauti yake redioni, miaka nenda miaka rudi, na kile kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana? Tulidhani anatuuliza habari za adabu mezani na kwenye foleni. Lakini Kiswahili cha zamani cha pwani hii kilikuwa na jina moja la mtu asiyekuwa mtumwa: mwungwana.