Mafuta hayana maji: mazungumzo kuhusu mafuta ya mimea kwa ngozi na nywele

Haya jamani, wa huku nyuma mnanisikia? Sawa, tuanze na hili ambalo wengi hawalitaki. Mafuta hayana maji ndani yake, hata tone. Ukiyapaka kwenye ngozi kavu hayaiongezei unyevu, yanalainisha juu na kuzuia maji yaliyopo yasitoke, ndo maana mtu anajipaka mpaka anang'aa halafu muda si mrefu anajikuna tena. We ukitoka kuoga jifute juujuu, ngozi ikiwa bado mbichimbichi hapo ndo upake, na nywele ni hivohivo, maji kwanza mafuta baadaye.

Ila nazi kwenye nywele ina mambo yake. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, aina mojawapo ya asidi za mafuta, molekuli yake ni ndogo na imenyooka kwa hiyo inapenya mpaka ndani ya unywele. Nywele zikilowa zinavimba, zikikauka zinasinyaa, na huko kuvimba na kusinyaa kila ukiosha ndo kunazichosha, sasa nazi inapunguza kule kuvimba. Kuna utafiti wa 2003 uliolinganisha nazi, alizeti na mafuta yanayotokana na petroli, na ni nazi peke yake iliyopunguza protini inayopotea kwenye nywele. Kwa hiyo ipake kabla ya kuosha, hata usiku wa kuamkia, sio kusubiri mpaka baada tu. Usoni lakini iacheni, hasa mwenye chunusi, inaziba vitundu.

Hapa kwenye zeituni najua nitagombana na mama zangu. Zeituni ni nzuri jikoni, ila ina asidi ya oleiki nyingi sana, na utafiti wa 2013 kwa watu wazima ulionyesha inadhoofisha ule ukuta wa juu wa ngozi wakati alizeti haikuudhuru. Kwa hiyo mwenye ukurutu, au mwenye mtoto mchanga wa kumkanda, mi zeituni simshauri kabisa.

Dada pale mbele ameshanyoosha mkono, swali lako nalijua, mafuta ya nyonyo. Yanakuza nywele? Hakuna ushahidi wa maana dada yangu. Nywele inaotea kwenye shina chini ya ngozi, nyonyo inachofanya ni kuzitelezesha zisikatike ovyo, basi urefu unabaki unaonekana, na hiyo nayo si haba. Ila ni mazito mno, yachanganye na mepesi kidogo, manake kuna watu nywele zimewahi kujisokota zikawa donge moja mpaka mkasi ukahusika.

Na wenye mba, tafadhali. Mba inahusiana na fangasi anayeishi kichwani na chakula chake ni mafuta, kwa hiyo ukipaka unaficha yale magamba halafu unamlisha mwenyewe. Tafuta shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya fangasi, kwanza.

Vile vichupa vidogo vya mafuta yenye harufu kali, mchaichai, mnanaa, limau, vile havipakwi vitupu. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kawaida, matone sita yanatosha kabisa, na ujaribu kwanza ndani ya mkono, usubiri siku nzima au mbili uone kama panawasha. Ya limau yaliyokamuliwa kwenye maganda ukipaka ukatoka juani yanaweza kukuunguza.

Naam, kaka wa kule kwenye mlango? Eti mafuta yanazuia jua? Hapana, kinga yake ni ndogo mno, usiyategemee, paka sanskrini. Na chupa weka mbali na mwanga, ukifungua ukakuta harufu imebadilika, imekuwa kali ya kuchacha, hayo mwaga tu, usimpe hata jirani.