Githunguri: Shule Iliyokuwa Mali ya Waliochanga

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, walimu na vijana, hamjambo.

Ukitaja Githunguri leo, watu wanawaza maziwa ya Fresha. Siwalaumu, maziwa yenyewe ni mazuri. Lakini kabla ya maziwa, mji huu mdogo wa Kiambu ulikuwa na shule ambayo haikuwa ya serikali wala ya misheni.

Tuanzie 1929. Misheni ya Kiskoti kule Thogoto iliwataka walimu na waumini waweke saini au alama ya kidole gumba kuukana ukeketaji wa wasichana. Sitetei ukeketaji hata kidogo. Lile lilikuwa jeraha kwa mabinti zetu. Ila wazazi wengi waliona misheni imeshika shule kama rungu: usipokubali, mtoto wako hasomi. Wakawaondoa watoto, wakajenga madarasa ya udongo na nyasi, na vyama viwili, KISA (Chama cha Shule Huru za Wakikuyu) na Karing'a, vikasimamia shule huru.

Madarasa yakapatikana, walimu je? Mafunzo ya ualimu yalikuwa mikononi mwa wale wale waliokimbiwa. Mwaka 1938 akarudi Mbiyu, mwana wa Chifu Mkuu Koinange, akiwa amesoma katika vyuo vya Marekani: Hampton, Ohio Wesleyan na Columbia. Januari 1939 Chuo cha Walimu cha Kenya kikafunguliwa hapa Githunguri. Kwa jina kilikuwa chuo. Kwa kweli kilipokea hata watoto wadogo wa kujifunza kusoma.

Pesa ilitoka wapi? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wazee walichangisha kwa marika. Rika moja likitoa, jingine haliwezi kukubali kuaibishwa, nanyi mnatujua tulivyo. Akina mama nao walipoona wasichana hawana pa kulala, wakaitisha mchango wao wenyewe wa kujenga bweni la wasichana. Wengi wa wanawake hao hawakuwahi kukaa darasani.

Mtu aliyeuza mbuzi wake kwa ajili ya jengo atakuja kuliangalia. Mikutano ya shule ikawa mahali pa kuzungumzia ardhi, kodi na kipande, kile kitambulisho ambacho wakoloni walimlazimisha Mwafrika kubeba. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza Septemba 1946, hapa ndipo alipojikita, akawa mkuu wa shule baada ya Mbiyu kwenda ng'ambo. Kuiendesha kulikuwa kazi ngumu. Mishahara ya walimu ilikuwa taabu ya kila mara. Lakini hakukuwa na jukwaa bora kwa mwanasiasa, na serikali ililiona hilo vizuri sana.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule huru zikaanza kufungwa, na Githunguri ikafungwa pia. Uwanja huo ukageuzwa kambi ya magereza, wapiganaji wa Mau Mau waliohukumiwa wakanyongwa hapo. Kufunga shule tu kungetosha kama walikuwa wanaogopa masomo.

Harambee ilipokuwa wito wa taifa mwaka 1963 na shule za michango zikaota kila kona ya nchi, watu wa huku hawakuhitaji kufundishwa. Walishajua kuchangisha, na walishajua pia kugombana na kamati kuhusu hesabu, jambo ambalo wasifiaji wa harambee hulirukaruka.

Nimesema vya kutosha. Humu najua mna watu ambao mama zao walichangia lile bweni. Tuwape maikrofoni wao kwanza.