Dirisha la vioo vya rangi kwa njia ya Matisse

Karibuni mezani. Leo tunatengeneza dirisha dogo la vioo vya rangi, tukifuata njia ya mchoraji Henri Matisse. Mfano wetu ni madirisha aliyoyabuni kwa ajili ya kanisa dogo la Rozari, Vence, kusini mwa Ufaransa. Lilipowekwa wakfu mwaka 1951 alikuwa na miaka 81. Rangi ni tatu tu: njano ya limau, kijani na buluu. Naye hakuanza na kioo, alianza na mkasi.

Basi shika mkasi. Paka karatasi rangi nzito ya maji, ziache zikauke kabisa, kisha kata maumbo papo hapo bila kuchora kwa penseli. Yapange juu ya karatasi nyeupe yenye ukubwa halisi wa dirisha lako. Yahamishe, rudi nyuma, tazama, yahamishe tena. Usiharakishe hapa hata kidogo, maana dirisha linazaliwa katika hatua hii.

Ukisharidhika, chora mistari ya risasi, yaani kanda za metali laini zitakazoshika vioo. Kila rangi mbili zinapokutana patapita ukanda mweusi, kwa hiyo uhesabu kuwa sehemu ya mchoro. Umbo lenye pembe kali inayoingia ndani kioo hakitalikubali. Ligawe vipande viwili. Vipe vipande namba, kata vielelezo vyake vya karatasi, na kati ya kipande na kipande acha kama milimita 2 za risasi.

Kuchagua kioo. Usikichague kikiwa kimelala mezani, kiinue kwenye mwanga. Kule Vence kijani na buluu ni vioo angavu, unaona hadi miti ya nje. Njano imetiwa ukungu, jicho linaishia hapo hapo. Mimi naona uzuri wote wa madirisha yale umetokana na uamuzi huo mmoja, nawe jaribu kuwa na kioo kimoja chenye ukungu.

Sasa vaa miwani ya kazi. Tia mafuta kidogo kwenye gurudumu la kikata kioo, upitishe mara moja tu kwa mkono usiositasita. Ukirudia mstari, kioo kitapasuka kinakotaka chenyewe. Kivunje kwa koleo, lainisha kingo.

Anzia kona moja, ingiza kila kipande kwenye mfereji wa ukanda wa risasi, ukikibana kwa misumari. Lehemu viungo pande zote mbili, kisha sukumia puti ya kuzibia chini ya kingo za risasi na usugue kwa brashi. Risasi ni sumu: usile mezani hapo, pitisha hewa, nawa mikono kwa sabuni, na watoto wakae mbali.

Puti ikikauka, lisimamishe panapopigwa na jua, na ukuta wa karibu uwe mweupe. Kuta za Vence ni vigae vyeupe vyenye michoro ya mistari myeusi tu, hivyo rangi za madirisha zina pa kuangukia.