Ghala Limejaa, Mtoto Kadumaa

(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam, umeandikwa kama ulivyosemwa)

Asante, mwenyekiti. Walionisikia mwaka jana wanajua naanzia Iringa, na naona wengine wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Siku hali ikibadilika nitaanzia Tanga.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa, asilimia 57. Njombe na Rukwa, nusu ya watoto. Sasa niambieni, viazi vya chipsi mayai mnazokula pale Mwenge usiku vinatoka wapi? Mahindi ya sembe je? Wanaotulisha sisi ndio wenye watoto waliodumaa. Kwa hiyo anayeniambia "mama, tatizo la vijijini ni njaa tu, wapeni chakula" namwomba apande basi akachungulie maghala.

Mimi nilichungulia. Kijiji kimoja cha Mufindi, huko huko Iringa, nimeingia uani, "Kamwene", nikaitikiwa vizuri. Mahindi darini, maharage kwenye ndoo, kuku wanatupita miguuni. Mtoto wa mwaka na nusu yuko mkekani na kikombe chake cha plastiki. Nikaomba kijiko. Nikachota ule uji, nikainua hivi, nikamimina. Ukashuka kama chai! Tumbo la mtoto wa umri ule ni dogo, kikombe kimoja kimelijaza, na karibu chote ni maji. Ameshiba, na hajala.

Nikamwambia mama mtu: huu uji mwepesi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, mzito unamkaba." Na ni kweli, unamkaba! Hapo ndipo bango la ukutani linapoishia. Bango limeandikwa "mpe mtoto uji mzito", basi, limemaliza kazi. Haliwezi kujibiwa wala kuulizwa.

Nikamuuliza, kimea unacho, ile nafaka iliyooteshwa ikakaushwa? Akanitazama, akacheka hadi akashika mlango. "Si cha komoni hicho, mama?" Ndicho hicho hicho cha kupikia pombe. Tukapika uji mzito, mwiko unasimama. Tukauacha upoe kidogo, tukakorogea kijiko kimoja cha unga wa kimea. Dakika chache tu ukalegea, ukawa wa kunyweka, na unga uliomo ni ule ule, haujapungua hata chembe. Kimea kinaikata ile wanga inayoufanya uji ugande. Tukaurudisha motoni ukachemka. Yule mama akaonja, akasema mtamu. Halafu akanyamaza, akaniuliza, "Huyu ni wa nne. Hao watatu wa kwanza mlikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwa sababu kimea sikukibuni mimi. Taasisi yetu ya Chakula na Lishe, iliyoundwa 1973, ilishakifanyia kazi miaka ya 1980. Na Iringa hiyo hiyo, kuanzia 1983, mpango wa lishe uliingia vijiji 168: watoto wanapimwa uzito kila miezi mitatu, matokeo yanajadiliwa pale pale kijijini, watu wanaulizana kwa nini wa fulani kashuka. Fedha zilitoka Italia, kupitia UNICEF na WHO. Ninachogombana nacho miaka yote ni hiki: mradi una tarehe ya kufungwa, watoto hawana tarehe ya kuacha kuzaliwa. Mama wa leo Mufindi alikuwa hajazaliwa wakati ule. Nani alilipwa aje amwambie?

Najua kuna kijana hapo nyuma anasema, siku hizi kuna redio na simu. Mwanangu, redio tumeitumia kabla hujazaliwa. Kampeni ya Mtu ni Afya, 1973, ilifikia watu wazima wapatao milioni mbili, lakini nyuma ya redio kulikuwa na vikundi, na kila kikundi kina kiongozi na kitabu, watu wanabishana kipindi kikiisha. Redio peke yake ingekuwa kelele.

Mwingine atasema kazi hii waachiwe wanaouza unga wa uji wa watoto. Wale wa nafaka saba? Mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga, kila kitu kimetupwa mashineni. Soya isiyopikwa vizuri inazuia protini isisagike tumboni. Nani ana faida ya kumwambia mama kwamba maharage yake ya kwenye ndoo yanatosha? Hakuna pakiti ya kuuza hapo. Ndiyo maana nasema mtu wa kumwambia alipwe na kodi.

Kodi yenyewe ni kiasi gani? Halmashauri zimeagizwa zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Elfu moja! Mpe bodaboda hapa Dar elfu moja, uone utakaposhushwa. Na hiyo elfu nayo, nilikopita mimi, halmashauri sitaitaja, ilitoka mwaka wa fedha ukikaribia kuisha, ikaenda kwenye semina: maji ya chupa, posho, mafuta ya gari. Kijijini halikufika hata kopo la kimea.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nilikuwa na la sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga, Dodoma na Manyara 2016 watu walikufa, hilo mniulize baadaye. Na akina baba: mikutano ya lishe tunawaita wanawake tu, wakati anayeamua mayai yauzwe au yaliwe hayupo. Muiteni, mpeni kijiko amimine mwenyewe.

Haya, maswali. Ila lile la "serikali haina hela" lisiwe la kwanza.