Kutoka kunyoosha bodi za magari hadi makabati ya masjala

Hamjambo ndugu zangu. Wazee mnaotazama, shikamooni. Leo nipo Newport, kusini mwa Wales. Lile daraja la chuma mnaloliona kule nyuma ni la mwaka 1906, na siku nyingine nitawapeleka. Leo nimekuja kwa ajili ya kabati.

Baba yangu alifanya kazi masjala, Tanga. Nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana, na zawadi yangu ilikuwa kuvuta mtoto mmoja wa lile kabati la chuma nione faili zilivyopangwa. Mmoja tu! "Funga huo kwanza ndipo ufungue mwingine." Nilidhani ni ukali wa wazee.

Sasa, hapa Newport kuna kiwanda cha Bisley, kampuni ya Waingereza inayotengeneza makabati ya ofisi. Jina ni la kijiji cha Surrey, kusini mwa Uingereza. Huko ndiko Freddy Brown alikoanzia mwaka 1931, na hakuanza na kabati wala meza. Alikuwa fundi wa magari. Mtu na nyundo yake, anahangaika na bati lililobonyea. Mimi nikisikia hivyo naiona Gerezani pale Dar, naiona Kamukunji ya Nairobi, wale mafundi wanaokunja bati tangu alfajiri.

Vita Kuu ya Pili ikaja. Jeshi likataka makontena ya kudondosha vifaa kwa parachuti, na anayejua bati hashindwi na kontena. Vita vikaisha, kazi ya jeshi nayo ikaisha. Mwaka 1946 wakatoa kitu chao cha kwanza cha ofisi. Mnajua nini? Ndoo ya takataka! Ndoo ya bati ya kuwekea karatasi chafu. Naipenda sana hatua hiyo, kwa sababu hawakungoja wawe wakubwa. Walitazama mikono yao inajua nini, wakatengeneza hicho.

Mwaka 1958 likaja kabati dogo la watoto wengi wembamba, waliopangana kama ngazi. Hilo bado linatengenezwa, na siku hizi watu wanaliweka hata nyumbani, wanatia nyuzi, rangi za kuchorea, vyeti vya watoto.

Jambo jingine la kuwafurahisha walimu: makabati mengi ya faili hapa bado yana upana wa fulskepu, kile kipimo cha zamani cha karatasi, ingawa ofisi zimeshahamia A4. Fulskepu ni ndefu kuliko A4, kwa hiyo ukitundika faili lenye karatasi za A4 inabaki nafasi pembeni. Karatasi imeondoka, kabati limebaki na kipimo chake.

Na ile amri ya baba? Makabati ya sasa yana kifaa ndani: ukivuta mtoto mmoja, wengine wanajifunga wenyewe. Watoto wawili watatu wakitoka pamoja wamejaa karatasi, uzito wote unakuja mbele na kabati linakuangukia. Baba hakuwa na kifaa hicho, alikuwa na sauti yake, na mimi nilikuwa mdogo kuliko lile kabati.

Baba, najua unatazama kwa simu ya dada. Nakumbuka lilikuwa na watoto wanne, mama anashikilia ni watatu. Nipigie jioni uniambie.