Mtoto wa Paka Asiyeshiba

Mhadhara wa daktari wa mifugo kwa wafugaji wa paka, Mtwara mjini

Assalamu alaykum, na habari za asubuhi kwenu nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wafugaji wa paka hapa mjini hawaachi kuniuliza. Mtoto wa paka anakula, anamaliza, analamba sahani mpaka inang'aa, na haijapita saa moja yuko miguuni kwako analia tena. Watu wananiambia, daktari, huyu mlafi. Wengine wameamua kumpunguzia chakula ili ashike adabu. Hilo la kumpunguzia naomba liishe leo. Paka mdogo anayelia njaa, mara nyingi ana njaa kweli. Na katika nyumba nyingi nilizoingia, kuanzia Chikongola mpaka Mikindani, njaa hiyo inaanzia kwenye sahani yenyewe: imejaa, lakini kilichojaa sicho anachohitaji.

Tuanze na mwili wake. Paka huzaliwa na gramu 100 hivi. Akifikisha wiki nane anakaribia kilo moja. Huyo mwenye kilo moja anahitaji kwa siku nguvu ya chakula inayokaribia ile ya mama yake mwenye kilo tatu, kwa sababu mama anajitunza tu, na mtoto anajenga mifupa, misuli, manyoya na ubongo kwa wakati mmoja. Sasa tazameni tumbo lake lilivyo dogo. Chakula chote hicho hakiwezi kuingia kwa mkupuo. Ukimlisha asubuhi na jioni kama unavyomlisha mama yake, mchana kutwa atalia, na ana haki ya kulia. Kuanzia anapoachishwa ziwa mpaka miezi mitatu, mpe mara nne kwa siku. Miezi mitatu mpaka sita, mara tatu. Baada ya hapo mara mbili zinamtosha.

Saa za kula nazo zisibadilike. Akizoea kwamba alfajiri kuna chakula, saa nne kuna chakula, alasiri kuna chakula na kabla ya kulala kuna chakula, wasiwasi unapungua. Paka aliyeokotwa gengeni au pale sokoni Feri ana wasiwasi zaidi. Amejifunza kwamba chakula kikionekana kimezwe upesi kabla ya mwingine hajafika. Anabugia, halafu anatapika kikiwa kizima. Mtandazie chakula kwenye sinia pana, kidogo kidogo, alazimike kukifuata. Kama mna paka wawili au watatu, kila mmoja awe na sahani yake, mbalimbali, hata chumba tofauti ikiwezekana.

Sasa tuje kwenye sahani, na hapa nitakaa kidogo.

Chakula cha paka wa kwetu ni ugali na dagaa, na mara nyingi ni ugali mwingi na dagaa watatu. Sisi wa Kusini tuna ugali wa muhogo, na muhogo una protini kidogo kuliko hata mahindi. Paka ni mnyama wa kula nyama kwa maumbile yake. Wanga uliopikwa anaweza kuusaga, haumdhuru ukiwa kidogo, lakini hawezi kuishi kwa huo. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walichapisha kazi ambayo paka wakubwa waliachiwa wachague wenyewe kati ya vyakula mbalimbali. Walijipangia mpaka karibu nusu ya nguvu ya chakula chao ikatoka kwenye protini. Na walipopewa vyakula vyenye wanga mwingi tu, walifika mahali wakaacha kula, huku protini waliyoihitaji hawajaipata. Ndicho mnachokiona jikoni kwenu: anachambua dagaa, anaacha ugali, anarudi kulia. Tunasema anadeka. Anatafuta chakula.

Kuna kitu kinaitwa taurini. Kimo kwenye nyama na samaki, na kwa wingi zaidi kwenye moyo. Kwenye muhogo, mahindi na mchele hakimo. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Akikikosa muda mrefu, macho yanaharibika mpaka upofu, na mwaka 1987 Paul Pion na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba moyo nao unalegea na kutanuka, na kwamba wengi walipona walipoongezewa taurini. Paka wale walikuwa wanakula vyakula vya viwandani, na viwanda vikalazimika kuongeza kiasi. Kwa hiyo wanaonunua chakula cha pakiti, hakikisheni kimeandikwa ni cha paka wadogo na ni chakula kamili. Chakula cha mbwa kisimkute paka, hata kama ndicho cha bei nafuu, maana hakikupangwa kwa mahitaji yake.

Asiyeweza kununua pakiti asivunjike moyo. Tuna bahari, na nina dagaa hapa mezani niwaonyeshe.

Hawa dagaa wetu wa pwani huchemshwa na maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo usiwamwagie tu kwenye sahani. Waoshe, waloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka walainike, umwage maji yale. Ukimbonyeza huyu hapa kwa vidole, mfupa wa mgongo unapondeka. Hapo ndipo awe tayari kuchemshwa. Usitoe vichwa wala mifupa hii midogo laini, kwa sababu ndiyo kalisi yake. Paka anayekula mnofu mtupu miezi na miezi mifupa inakuwa dhaifu, anavunjika mguu kwa kuruka kutoka kitandani. Chemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila mafuta. Ponda. Na ile supu usiimwage, mpe pamoja na chakula, maana taurini inayeyuka na kuhamia kwenye maji. Ukipata mioyo ya kuku au kipande cha moyo wa ng'ombe buchani, kichemshe ukichanganye humo. Ini nalo lina vitamini A ambayo paka hawezi kuitengeneza kutokana na mboga, lakini kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha. Likizidi kwa muda mrefu linaharibu mifupa ya shingo. Ukitaka kuongeza ugali, uwe kijiko kimoja ndani ya vitatu vya kitoweo. Leo wengi wetu tumeugeuza huo mpango.

Kwa paka wa kilo moja anayekula samaki waliopikwa, anzeni na gramu 150 hivi kwa siku nzima, zigawanywe mara nne, halafu mwili wake ndio uwaongoze. Kila mmoja anyooshe mkono, kiganja kikitazama chini. Pitisha vidole vya mkono wa pili juu yake. Unaisikia mifupa bila kubonyeza, lakini kuna kitu juu yake. Mbavu za paka mwenye afya ziko hivyo. Kunja ngumi, pitisha kwenye vifundo vya vidole. Huyo amekonda, ongeza. Geuza kiganja, gusa pale penye nyama chini ya kidole gumba. Huyo amezidi, na kwa mtoto wa paka ni nadra sana kumkuta.

Samaki wabichi je? Najua watoto wa pale ufukweni huwarushia vibua na dagaa wabichi, na paka wanafurahi. Dagaa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayekula hao kila siku anaanza kukataa chakula, halafu shingo inainama kidevu kikagusa kifua, anayumba, mwisho anapata degedege. Moto unakiua kimeng'enya hicho, kwa hiyo pikeni. Na jodari asiwe chakula cha kila siku hata akipikwa. Samaki wa mafuta mengi bila vitamini E ya kutosha humwachia paka uvimbe wenye maumivu kwenye mafuta ya mwili, ukimshika tumbo analia. Ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, msimpe kabisa, chumvi yake ni nyingi mno kwake.

Mabaki ya mchuzi pia yaacheni. Kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka, vikiwa vibichi au vimepikwa. Na maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi huyaona kuwa ni haki yake, humharisha paka aliyekwisha kuachishwa ziwa. Maji safi yanamtosha, na kwa joto letu hili yabadilishwe zaidi ya mara moja kwa siku.

Umemlisha vizuri, kwa saa zake, bado anakula sana na mwili hauongezeki. Fikiria minyoo kabla ya kitu kingine chochote. Mama humwambukiza mtoto kupitia maziwa, kwa hiyo hata paka ambaye hajawahi kukanyaga nje anaweza kuwa nayo. Mgongo unakonda, tumbo limevimba hasa baada ya kula, manyoya hayalali. Ukiona vipande mfano wa punje za mchele karibu na mkia, hiyo ni tegu, na huipata kwa kumeza kiroboto akijilamba. Ukimtibu tegu ukaacha viroboto, umefanya nusu ya kazi. Dawa ya minyoo huanza mapema, wiki mbili au tatu baada ya kuzaliwa, ikarudiwa kila wiki mbili mpaka anapoachishwa ziwa, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Dawa inafuata uzito. Nawasihi sana, msikadirie dawa ya mbuzi au ya kuku kwa macho. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini inaua paka. Tazameni pia ufizi: ukiwa mweupe, au paka anakula mchanga, damu imepungua, mleteni siku hiyohiyo. Choo chake kifukieni, watoto wanawe mikono, kwa sababu mayai ya minyoo hiyo yanaweza kumwingia binadamu.

Anayebaki ni yule mwenye afya, mbavu nzuri, chakula kizuri, na bado anapanda miguu ya mama jikoni. Huyo amefundishwa, na waliomfundisha ni sisi. Alilia, akapewa kichwa cha samaki anyamaze. Mlisheni dakika chache kabla hamjaanza kupika. Mkiwa jikoni, hakuna anayempa kitu, akilia au asilie. Siku za mwanzo kilio kitaongezeka, na hapo ndipo wengi hushindwa. Mkimpa siku hiyo, mmemfundisha kwamba inabidi alie zaidi. Watoto wa nyumba waelezwe, maana wao ndio hupitisha mnofu chini ya jamvi. Mchezesheni kabla ya mlo, awinde kitu, ale, ajilambe, alale. Kama mna chakula kikavu, chupa ya maji itobolewe matundu makubwa kidogo kuliko punje, aizungushe ziwe zinatoka moja moja.

Maswali. Kuna mzee ameuliza kuhusu paka wa ghala la korosho, kwamba akishiba hatakamata panya. Mzee wangu, paka huwinda hata akiwa ameshiba. Mwaka 1976 ilichapishwa kazi ambayo paka waliokuwa katikati ya kula waliletewa panya: waliacha sahani, wakamuua panya, wakarudi kumalizia chakula chao. Njaa inaweza kuongeza bidii, lakini paka mdogo mwenye njaa hana nguvu ya kupambana na panya buku, na panya aliyekula sumu yako ataingia tumboni mwake kwanza. Na sisi sote tunaijua hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kabla msimu haujaanza Oktoba, mlishe paka wako vizuri, na uchague: paka au sumu, visikae ghala moja.

Dada pale nyuma anasema paka wake amemeza uzi wa wavu na ncha inaonekana. Hili sikulisema na ni kubwa kwa watu wa pwani. Uzi wenye harufu ya samaki kwa paka mwenye njaa ni chakula. Ncha ikionekana mdomoni au nyuma, usiivute. Ndani unaweza kuwa umejizungusha kwenye ulimi au ndoana imeshika, na ukivuta unakata utumbo. Dada, usisubiri mkutano uishe, nenda ukamlete sasa hivi, msaidizi wangu atakupokea mlangoni.

La mwisho, mama wa Shangani anauliza kama kufunga kizazi kunabadilisha ulaji. Ndiyo. Tunafanya akiwa na miezi mitano au sita, na baada ya hapo hamu ya kula inapanda huku mahitaji ya mwili yakishuka. Punguza kama robo ya chakula, pole pole, mpime kila mwezi. Lakini kumnyima kabisa siku nzima ili akonde, hapana: paka mnene asipokula siku chache ini lake hujaa mafuta na anaweza kufa, na mtoto wa paka huzidiwa mapema zaidi ya hapo.

Waliokuja na paka kwenye vikapu, mizani iko kushoto kwangu. Tunapima kwanza, ndipo dawa ya minyoo. Waliofikisha miezi mitatu watapata na chanjo ya kichaa cha mbwa, na wenye viroboto wajitaje mapema ili vikapu vyao vikae upande ule.