Garnacha ya Gredos: Mvinyo Unaotaja Shamba Lake

Ndugu watazamaji wangu, hasa ninyi wa Dodoma mnaoniuliza kila mara kama Wahispania wana zabibu nzuri kuliko za kwetu, nawasalimu kutoka Madrid. Leo nimeweka mezani chupa mbili za mvinyo mwekundu, zote za aina moja ya mzabibu iitwayo Garnacha, na zote zimetoka katika safu moja ya milima, Sierra de Gredos, iliyoko magharibi ya jiji hili. Wale wasiotumia kileo kwa sababu za imani au za afya naomba wasiniondokee, kwa kuwa sehemu kubwa ya mazungumzo haya inahusu udongo na jembe kuliko glasi.

Tazameni kwanza rangi. Nikiinua glasi hii ya kulia kuelekea dirishani, mnaviona vidole vyangu upande wa pili, kama vile nimeshika juisi ya choya ambayo barafu imeyeyukia ndani. Mara ya kwanza kumiminiwa mvinyo wa namna hii niliamini kabisa kwamba mwenye baa ameutia maji, na kwa aibu ambayo haijanitoka mpaka leo, nilimwambia hivyo. Hakunijibu neno. Alichukua chupa nyingine, akaifungua mbele ya macho yangu, na ikatoka rangi ile ile.

Sababu ni kwamba Garnacha ina ganda jembamba lenye rangi kidogo, na wakulima wa Gredos ninaotaka kuwazungumzia hawailazimishi kutoa isichokuwa nacho. Vichala huingia kwenye tangi vikiwa na vikonyo vyake, vyote au baadhi yake, kisha huachwa vichachuke bila kupondwapondwa, kama mtu aachavyo majani ya chai ndani ya birika yatoe ladha yenyewe. Baadaye mvinyo hupumzishwa katika mapipa makubwa ya mwaloni yaliyokwisha kutumika miaka mingi, ambayo mbao zake hazina tena harufu ya kuuazima.

Ili muelewe kwa nini jambo hilo lilionekana la ajabu, lazima niwaambie jinsi mvinyo wa Hispania ulivyozoeleka kupimwa. Katika eneo maarufu la Rioja, maneno makubwa kwenye lebo yamekuwa Crianza, Reserva na Gran Reserva, nayo yanahesabu muda. Reserva nyekundu lazima ikae angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa, mmoja kati ya hiyo ukiwa ndani ya pipa, na Gran Reserva angalau miaka 5. Mnunuzi aliambiwa mvinyo umelala muda gani, lakini hakuambiwa zabibu zilikua kwenye kilima gani, wala mwinuko gani, wala udongo gani. Mimi mwenyewe nilipofika hapa nilikuwa nikinunua Reserva kwa kuamini kwamba jina hilo ni cheti cha ubora, kumbe nilikuwa nasoma kalenda tu. Rioja yenyewe iliruhusu jina la shamba mahususi, Viñedo Singular, mwaka 2017.

Gredos haikuwa hata na sifa hiyo ya kalenda. Kwa miongo mingi wanavijiji walipeleka zabibu zao kwenye vyama vya ushirika, zikapimwa uzito na sukari, zikachanganywa zote pamoja, na mvinyo ukauzwa kwa jumla. Mkulima aliyekuwa na mizabibu ya miaka 70 kwenye mteremko mkali, mwenye mavuno machache lakini matamu kupindukia, alilipwa sawa na jirani yake wa bondeni. Vijana wakaenda Madrid kujenga maghorofa, wazee wakabaki na nyumbu wao wa kulimia (simaanishi wale wa Serengeti), na Umoja wa Ulaya nao ukawa unalipa wakulima wang'oe mizabibu. Wengi waling'oa, na mimi siwezi kuwalaumu.

Mwaka 2008 marafiki watatu, Fernando García, Daniel Landi na Marc Isart, waliingia kazini kwa jina la Comando G, herufi hiyo ikiwa ya Garnacha, na wakaanza kuyatafuta mashamba yale yale ambayo wengine walikuwa wakiyaacha. Hawakuwa peke yao, lakini ndio walioifanya dunia igeuke kutazama. Walipanga mvinyo wao kwa mfano wa Bourgogne ya Ufaransa, kijiji kwanza, halafu shamba ndani ya kijiji, kiasi kwamba mvinyo wao uitwao Rumbo al Norte hutoka katika kipande kisichofika hata nusu hekta, kati ya majabali, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari.

Msimu uliopita nilikwenda kusaidia kuvuna karibu na Cebreros, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari. Mizabibu ya huko haina waya wala nguzo. Kila mmoja umesimama peke yake kama kijiti kinene kilichopindapinda, matawi yakichanua kutoka kwenye shina fupi, hivyo mvunaji anainama toka asubuhi hadi jioni. Asubuhi baridi ilikuwa ya kuvaa koti, saa nane mchana tumebaki na fulana. Usiku wa baridi ndio unaoiachia zabibu uchachu wake, maana jua peke yake lingeiivisha mpaka ikabaki sukari na kileo tu. Udongo ni mchanga mwepesi wa graniti, unang'aa, unaingia viatuni na hautoki. Majabali yake yalinikumbusha vilima vya mawe vya Dodoma kiasi kwamba nilisahau kwa dakika nzima nilipo. Hapo jirani, El Tiemblo, wapo mafahali wanne waliochongwa kwa graniti hiyo hiyo kabla Warumi hawajafika.

Glasi ya kulia, basi, ni ya mchanga huo wa graniti: nyepesi, yenye harufu ya matunda mekundu na majani makavu ya porini, na inakimbia ulimini. Ya kushoto ni ya shamba lililoko kilomita chache tu kutoka pale, lakini kwenye sleti, jiwe lile la tabaka ambalo zamani wanafunzi waliandikia. Imeiva zaidi, ina uzito, na inakauka kidogo kwenye fizi. Mzabibu ni ule ule, mwaka ni ule ule, na anayetengeneza ni mtu mmoja. Ukiniuliza nachagua ipi, nachagua ya kulia, ingawa nyama ya mbuzi ingeitaka ya kushoto.

Kinachonichekesha ni kwamba lebo haziwezi kuitaja Gredos kama eneo rasmi la mvinyo, kwa sababu milima hiyo imegawanywa na mipaka ya utawala. Upande wa Ávila mvinyo huitwa Cebreros, upande wa Toledo huitwa Méntrida, na upande wa Madrid huitwa Vinos de Madrid. Mbuzi anaweza kula asubuhi katika mkoa mmoja na kulala katika mwingine, ila mvinyo hauruhusiwi. Habari kama hii ya zabibu za asili kurudishiwa heshima ipo pia Bierzo, kaskazini-magharibi ya Hispania, ambako Álvaro Palacios na mpwa wake Ricardo Pérez walianza na zabibu ya Mencía mwaka 1999, na ipo katika kisiwa cha Tenerife kwa zabibu ya Listán Negro. Bierzo nitaitengenezea video yake.

Jioni ya siku ile, tukiwa tumekaa juu ya kreti tupu, mzee mwenye shamba aliniuliza kwetu tunavuna lini. Nikamwambia Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Aliuweka chini mkasi wake wa kupogolea, akanitazama usoni kuona kama namtania, kisha akauliza:

"Na mzabibu wenu unalala lini?"

Nikamweleza kwamba sisi hatuna theluji ya kuulaza, hivyo tunaulaza wenyewe, kwa kuunyima maji na kuupogoa, halafu tunauamsha. Alikaa kimya muda mrefu. Akainuka, akaenda kwenye mzabibu uliokuwa karibu naye, akaupapasa shina, na nikamsikia akiuambia kitu kwa Kihispania cha kijijini ambacho sikukishika vizuri, ila neno la "Afrika" nililisikia.